Kumwondoa Koipu Mabwawani: Kazi ya Wategaji Ishirini na Wanne



Mnyama aletwaye katika nchi kwa ajili ya faida aweza kugeuka kuwa hasara, na kumwondoa kukawa kazi kubwa kuliko kumleta. Ndivyo ilivyotokea Uingereza kwa mnyama aitwaye koipu. Habari zake zawafaa wote walimao kando ya mito na maziwa, kwa maana koipu alifika hata Kenya. Aliletwa kufugwa kwa ajili ya manyoya yake, akatoroka, na katika miaka ya 1960 akaonekana katika Ziwa Naivasha.

Asili ya koipu ni Amerika ya Kusini. Umbo lake ni kama la panya, lakini ni mkubwa kuliko ndezi. Koipu mzima huwa na uzito wa kilo 6 au 7. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya machungwa, na miguu yake ya nyuma ina utando kati ya vidole kama miguu ya bata. Matiti ya jike yako juu ya mbavu, karibu na mgongo, hata watoto waweza kunyonya mama yao akiwa majini. Mimba huchukua miezi minne na zaidi, na jike huzaa watoto 5 au 6 kwa kawaida. Kwa kuwa aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, wachache hugeuka kuwa wengi upesi.

Koipu waliingizwa Uingereza mwaka wa 1929. Kabla ya miaka kumi kupita baadhi yao walikuwa wamekwisha kutoroka na kukaa katika majimbo ya mashariki, hasa Norfolk. Nchi hiyo ni tambarare, ina mito iendayo polepole, mitaro mingi, na mabwawa ya maji haba yaliyozungukwa na matete. Koipu walikula matete hayo, ambayo watu huyatumia kuezekea nyumba, hata mahali pengine yakatoweka kabisa. Waliingia pia mashambani wakala viazisukari. Lakini hatari kubwa zaidi ilikuwa mashimo yao. Walichimba kingo za mito na mitaro, na kwa kuwa mashamba mengi ya huko yako chini, ukingo ukibomoka maji huyafunika.

Katika mwaka wa 1962 serikali ilianza kuwatega kwa nguvu. Kisha baridi kali ya mwaka wa 1962 na 1963 iliwaua wengi sana. Watu wakaona taabu imepungua, lakini koipu waliosalia waliendelea kuzaa, na katika miaka ya 1970 wakajaa tena. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Basi mwaka wa 1981 shauri jipya lilianzishwa. Nia haikuwa tena kuwapunguza, bali kuwaondoa wote pasipo kubakiza hata mmoja. Wategaji 24 waliajiriwa, wakapewa muda wa miaka kumi.

Walitumia vizimba vya waya ambavyo mlango wake hufunga mnyama akiisha kuingia, na chambo chao kilikuwa karoti. Kizimba hukamata bila kujeruhi, kwa hiyo kila asubuhi mtegaji alipopita aliweza kumwachilia ndege au mnyama mwingine aliyeingia kwa bahati mbaya, naye koipu akauawa kwa bunduki mara moja. Lakini kizimba kiwekwacho ukingoni kina kasoro mahali penye mafuriko: maji yakipanda hukifunika. Kwa hiyo wategaji waliweka vizimba juu ya vyelezo. Chelezo hupanda na kushuka pamoja na maji, na koipu aogeleaye hupanda juu yake kula karoti. Tena ilionekana kwamba mitego ya juu ya vyelezo ilikamata koipu wengi zaidi, na wanyama wengine wachache zaidi, kuliko mitego ya ukingoni.

Hata hivyo palikuwa na jambo moja gumu kuliko maji. Mtegaji alipwaye kwa hesabu ya mikia hana haja ya kuumaliza mkia wa mwisho, kwa maana siku hiyo riziki yake nayo imekwisha. Na mtegaji wa mshahara, akimaliza kazi, hupoteza kazi. Wenye shauri walilifikiri neno hili tangu mwanzo. Waliwaahidi wategaji kwamba wakiwamaliza koipu kabla ya miaka kumi kutimia, watapewa bakshishi ifikayo hadi mshahara wa miaka mitatu. Na wakichelewa sana, bakshishi itapungua. Hivyo kumaliza kazi kukawa na faida kuliko kuirefusha.

Kadhalika wataalamu walipima miili ya koipu waliokamatwa, wakajua umri wao na kama majike walikuwa na mimba. Kwa habari hizo walikadiria ni wangapi waliobaki na mahali pa kutia nguvu. Miaka ya mwisho ilikuwa ya subira: kutafuta nyayo na kinyesi, na kuangalia vyelezo ambavyo karoti zake hazikuguswa. Koipu zaidi ya 30,000 walikuwa wamekamatwa, na mwaka wa 1989 kazi hiyo iliisha kwa ushindi. Wategaji wakapata haki yao.

Kwa wakulima wanaosumbuliwa na wanyama waharibifu, hapa pana mafundisho matatu. Kwanza, mtego ufuate tabia ya mnyama na ya mahali. Penye maji yanayopanda na kushuka, mtego nao hauna budi kuelea. Pili, mtego ukaguliwe kila siku, ili mnyama asiteseke bure na asiye na hatia aachiliwe. Tatu, wanyama wakipungua, huo si wakati wa kupumzika. Na watu wanaotumwa kazi ya namna hiyo wapewe sababu ya kuifikisha mwisho, kwa kuwa koipu wawili tu, dume na jike, watosha kuirudisha taabu yote.