Breki za Gari la Huduma ni Sehemu ya Huduma

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Tumepewa nafasi ya kutoa taarifa ya usafiri wa miradi. Kwa kawaida taarifa hii huwa ya kilomita, lita za dizeli na idadi ya safari. Mwaka huu tumeomba tuzungumzie breki tu, kwa sababu nusura zitupotezee watu watatu.

Wengi wenu mnalifahamu gari letu jeupe, Land Cruiser Hardtop ya mwaka 1998 yenye injini ya 1HZ. Lilikuja na mradi wa afya. Mradi uliisha, gari likabaki. Limebeba chanjo, mbegu, mabati, wagonjwa na mara nyingine majeneza ya ndugu zetu.

Mwaka jana gari hilo lilikuwa likishuka Kitonga, likimpeleka mgonjwa wa rufaa Dar es Salaam. Ndani walikuwemo dereva, muuguzi na mgonjwa. Katikati ya mteremko pedali ya breki ilizama hadi chini. Dereva akapampu, ikazama tena. Alirudisha gia hadi namba mbili, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akalielekeza gari upande wa mlima mpaka likasimama kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia. Tulimshukuru Mungu, na tulimshukuru dereva. Kisha tukafungua mafaili.

Katika faili la gari tulikuta barua tatu za dereva huyo huyo. Ya kwanza ilisema usukani unatikisika akikanyaga breki. Ya pili ilisema gari linavuta kulia. Ya tatu ilisema anaomba asipangiwe safari ya milimani mpaka breki zitengenezwe. Kila barua ilikuwa na sahihi yetu, kuonyesha kwamba tumeipokea. Fedha za matengenezo zilikwisha pamoja na mradi, nasi tulikuwa tukisema, tusubiri bajeti ijayo. Mara mbili tulinunua pedi za bei nafuu na kuzifunga juu ya diski zilezile zilizochakaa. Ndugu zetu, kosa hilo si la fundi wala la dereva. Ni la ofisi yetu.

Fundi alipofungua magurudumu ya mbele alitueleza kila kitu akituonyesha kwa mkono. Upande wa kulia pistoni za kalipa zilikuwa zimeganda kwa kutu, na pedi ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Diski ilikuwa na mifereji na imekuwa nyembamba kuliko kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa.

Inafaa tuelewe kwa nini mambo hayo yalikutana kwenye mteremko. Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Hardtop ikijaa watu na mizigo hukaribia tani 3. Ikishuka mteremko wenye kimo cha mita 500, kazi ya kuizuia hutoa joto linalotosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Injini ikiwa kwenye gia ndogo hubeba sehemu ya mzigo huo. Karibu yote yanayobaki huishia kwenye diski na pedi za mbele na dramu za nyuma. Diski nene hulipokea joto na kulitoa kwa upepo. Diski nyembamba hupata moto haraka, na moto huo hupita kwenye pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Ndiyo sababu dereva alikanyaga na pedali ikazama bila gari kusikia. Ya kwetu yalikuwa hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka minne, wakati mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kutengeneza kulichukua siku tisa, na baadhi yenu mlilalamika. Mlikuwa na haki, maana kliniki mbili za mkoba hazikufanyika. Lakini tunataka mjue kazi yenyewe, ili mtu asije akasema kubadilisha breki ni kazi ya saa moja.

Kwenye gari la aina hii diski ya mbele imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Huwezi kuichomoa kwa kutoa gurudumu tu. Gari linawekwa juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yanazuiwa kwa mawe. Vumbi la breki linaoshwa kwa maji, halipulizwi kwa upepo, kwa sababu pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kalipa inatolewa na kuning'inizwa kwa waya; ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, mpira huo unaweza kupasuka kwa ndani. Kisha inatolewa friwili habu, zinafunguliwa nati za beringi kwa boksi spana ya milimita 54, na habu inatoka nzima.

Hapo ndipo diski mpya inafungwa. Mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani yanafutwa kabisa. Beringi zinaoshwa, zinakaguliwa, zinajazwa grisi mpya, na sili mpya inawekwa, kwa sababu grisi ikivujia kwenye diski kazi yote imeharibika. Pistoni zilizoganda zinasafishwa na kuwekewa mipira mipya. Diski na pedi zinabadilishwa pande zote mbili, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Tukibadilisha upande mmoja, gari litavuta. Mafuta yote ya breki yanamwagwa, yanawekwa mapya, na upepo unatolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Gari haliondoki kabla pedali haijapampuliwa ikawa ngumu. Tena siku za kwanza dereva anazizoesha pedi, anakanyaga kwa upole mara nyingi, na hashuki mlima mkali akiwa na mzigo.

Spea zilichelewa kwa sababu tulikataa za kwanza tulizoletewa. Boksi lilikuwa na jina kubwa, lakini maandishi yake yalikuwa na makosa na pedi hazikukaa sawasawa kwenye kalipa. Tulizirudisha, tukasubiri. Safari hii hatukutaka kuona haya kusubiri.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo juu ya dari, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Hasemwi kwamba amejenga vibaya. Anaambiwa tu kwamba nyumba bila ukuta huo haijakamilika. Tunaona gari la huduma lisilo na fungu la matengenezo liko hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunaleta kwenu maombi yetu.

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo mawili. Kwanza, dereva akisema gari halitoki, lisitoke. Tangu sasa barua ya dereva kuhusu breki, usukani au tairi hujibiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu, na wakati huo gari linakaa. Msimpigie simu kumsihi, wala msimwambie kwamba usharika mwingine walipelekewa. Pili, kila safari mtakayoomba, pamoja na dizeli, tuchangie shilingi 100 kwa kila kilomita kwenye fungu la matengenezo. Gari likitembea kilomita 2,500 kwa mwezi, kwa mwaka tutakuwa na shilingi 3,000,000. Hazitamaliza kila kitu, lakini hatutasubiri tena bajeti ijayo gari likiwa mlimani.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa magari mliyotupatia. Tunajua picha ya diski ya breki haivutii kama picha ya mtoto akipata chanjo. Hata hivyo tunaomba kila andiko la mradi lenye gari liwe na fungu la matengenezo kwa miaka yote ya mradi, na mpango ulioandikwa wa nani atalitunza mradi ukiisha. Ikibidi kuchagua, tupeni gari moja lenye matunzo badala ya mawili yasiyo nayo. Nasi tutawatumia taarifa ya breki kila robo mwaka: unene wa pedi na diski, tarehe ya mafuta, na barua za dereva pamoja na majibu yetu.

Diski za zamani tumezileta. Ziko pale mezani karibu na mlango. Tunaomba kila mjumbe, akitoka, apitishe kidole kwenye ile ya kulia aone ilivyochimbika. Yule mgonjwa alirudi nyumbani salama, na dereva wetu yuko hapa pamoja nasi. Tumemwomba asimame karibu na meza hiyo awajibu maswali yenu, maana yeye aliandika mapema kuliko sisi tulivyosikia.