Kutambua na Kulinganisha Chapa za Ngozi: Hotuba ya Mafundi wa Konyo Konyo



Tunazungumza katika maadhimisho haya ya Siku ya Wakimbizi. Tumeombwa tuseme juu ya kazi yetu ya ngozi, na hasa jambo ambalo wengi hutuuliza: tunajuaje nakshi iliyo kwenye ala au mkanda wa zamani imegongwa kwa muhuri gani, na tunaipataje nyingine inayolingana nayo?

Wengi wetu tulifanya kazi hii katika soko la Konyo Konyo, Juba. Kwa wasiolifahamu, ni soko kubwa, si mbali na mto Nile, ambako Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiswahili cha watu wa Uganda na Kenya husikika katika kibanda kimoja. Walikuwako pia wafanyabiashara kutoka Darfur, na viatu vya markub, ambavyo huko kwao ni kazi ya heshima. Sisi tulishona ala za visu, mikanda, viatu na vifuko vya hirizi. Mapigano yalipozuka Juba mwezi wa Julai 2016, kila mmoja aliondoka na alichoweza kubeba. Nyundo na shazia mtu hununua popote. Mihuri hainunuliwi, kwa sababu mingi mwenyewe aliichonga kwa mkono wake, na akifa au akipotea, hupotea naye.

Muhuri wa fundi wa sokoni ni msumari mnene, boliti au kipande cha nondo kilichochongwa kwa tupa nchani. Kuna wa mistari, wa nyota, wa jicho, wa mwezi mchanga. Duara tupu, mara nyingi, ni mdomo wa ganda la risasi. Tukikuta duara lenye upana wa karibu milimita 8 na nusu, hatuumizi kichwa: ni ganda la bunduki ya Kalashnikov, na hayo, ndugu zangu, nchi yetu haijawahi kuyakosa.

Kabla ya muhuri, itazame ngozi. Ngozi inayoshika chapa ni ile iliyotengenezwa kwa magome au matunda ya miti. Kule Sudan hutumia garad, yaani matunda ya mti wa miiba wa jamii ya mgunga. Ukiilowesha kidogo na kuigonga, alama hubaki. Ngozi nyingi za viwandani siku hizi hutengenezwa kwa kromu. Hiyo ukiigonga huinuka tena kama godoro. Kuzitofautisha si kazi. Kata pembeni uangalie katikati: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati, ya miti ni kahawia mpaka ndani. Tone la maji hunywewa upesi na ngozi ya miti, na mahali pale huwa peusi kidogo.

Sasa kulinganisha. Usiitazame chapa jua likiwa utosini. Ngoja jioni, au tumia tochi ukiilaza ubavuni, ili kivuli kiingie ndani ya mistari. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa ubavu wa penseli bila kukandamiza. Hapo utahesabu mistari, utapima kwa rula, na utaona chapa moja ya maua kumbe ni mihuri mitatu iliyopangwa. Kijana anayeanza hudhani kila ua lina muhuri wake. Sivyo. Muhuri mmoja wa mwezi mchanga, ukigeuzwa huku na huku, hutoa ua, wimbi na mnyororo.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili: usilinganishe chuma na ngozi. Ngozi iliyoloweshwa ikikauka husinyaa kidogo, na kamba ya kiatu iliyovaliwa miaka mingi hurefuka. Gonga muhuri wako kwenye kipande kingine cha ngozi, ukiache kikauke, ndipo ulinganishe chapa na chapa. Na kwenye kitu cha zamani pima pale ambapo hapakuvutwa, kwa mfano chini ya bakoli ya mkanda.

Mama mmoja wa hapa Kakuma alituletea ala ya kisu ya marehemu mumewe. Ana watoto wa kiume wawili, na ala ni moja. Alitaka ya pili inayofanana nayo, ili asibaki mmoja mikono mitupu. Tulisugua karatasi, tukapata mihuri minne. Miwili tulikuwa nayo, wa tatu ulikuwa ganda la risasi. Wa nne ulikuwa nyota ya ncha sita, na ncha moja ilikuwa imevunjika. Kila nyota kwenye ala ile ilikuwa na kilema kile kile. Mzee mmoja katika kikundi akakumbuka mkanda wa jirani yake. Mkanda ukaletwa, ukasuguliwa. Ncha ile ile haipo. Familia hizo mbili hazikuwa zimewahi kusalimiana, kwa sababu ambazo tunazijua sote hapa, na siku ile zilikaa juu ya mkeka mmoja zikimzungumza fundi waliyemjua wote, kila mmoja kwa jina tofauti la utani.

Tulimchongea mama nyota mpya. Kulikuwa na ubishi kama tuivunje ncha. Tuliamua isivunjwe. Kilema ni sahihi ya yule fundi, na ala mpya ni kazi yetu. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaogonga nakshi za zamani na kuwauzia wageni kama vitu vya Juba ya kale. Huo ni wizi wa sahihi.

Njia hii ya kusugua si yetu peke yetu. Mjerumani Paul Schwenke, aliyefariki mwaka 1921, alikusanya karatasi za namna hii kutoka majalada ya ngozi ya vitabu vya karne ya 15, na kwa mihuri tu wataalamu huweza kusema kitabu kilijalidiwa katika karakana gani. Huku pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana katika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili wa misahafu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi dogo. Msituletee masanduku ya mihuri ya dukani, ambayo kila mtu duniani anayo. Tuleteeni tupa ndogo, na ngozi nene ya ng'ombe isiyo ya kromu. Ya mbuzi tunaipata hapa, lakini ni nyembamba kwa chapa ya kina.

Daftari letu la karatasi za kusugua liko wazi kwa kila mkazi. Mwenye kipande chenye chapa, hata kama kimechanika, akilete. Hatukichukui, tunasugua mbele yake na kumrudishia hapo hapo. Tukijua jina la fundi, tunaliandika chini ya karatasi.