Lazima ya Kula, Lazima ya Kusogea: Mitego ya Drafti Vijiweni Murongo



Mtego wa kwanza kuninasa maishani nilitegewa hapa hapa Murongo, kando ya barabara iteremkayo kwenye mto Kagera, ng'ambo yake Kikagati. Nilikuwa darasa la tano. Ubao ulikuwa kipande cha boksi kilichochorwa kwa mkaa. Kete zilikuwa vizibo vya chupa, vya upande mmoja vimefunikwa, vya upande wa pili vimelazwa chali meno yakitazama juu. Mzee niliyecheza naye alisukuma kizibo chake mbele ya changu akakiacha wazi. Nikakila kwa furaha. Akanyanyua kingine, ta, ta, ta, akazoa vitatu vyangu na kuingia kingi. Nikamwambia, "Tata, umenishinda kwa kula." Akatikisa kichwa. "Mwanangu, aliyekula ni wewe. Mimi nimeokota tu."

Nimefundisha hisabati kwa muda mrefu tangu siku ile, na sijapata maelezo mafupi ya mchezo huu yanayoyapita hayo. Hoja yangu leo inatokana nayo. Katika drafti, mtego haujengwi kwa nguvu ya anayetega. Unajengwa kwa lazima iliyo juu ya anayetegwa. Na lazima hizo ni mbili: ikiwepo ya kula, sharti ule, na zamu ikifika, sharti usogee. Vijana wetu wanaifahamu vizuri ile ya kwanza. Ya pili wengi hawajaitazama sawasawa, na ndiyo inayowatoa machozi wanapokaa mbele ya ubao mkubwa wa kimataifa.

Lazima ya kula si ngeni kwa Waswahili. Kwenye bao la pwani, mwenye mtaji, yaani nafasi ya kula, hana ruhusa ya kuupuuza. Anatakata, yaani anasambaza kete bila kula, pale tu anapokosa cha kula. Lakini bao lina huruma moja. Kete 64 huanza mchezo na kete 64 humaliza mchezo, kwa maana zinazoliwa hupandwa upande wa mlaji, na kesho huenda zikarudi. Kwenye drafti kilicholiwa kimeondoka. Ndiyo maana kulisha, yaani kumpa mwenzako kete kwa makusudi, ni jambo zito kwenye drafti. Anayelisha analipa kwa fedha isiyorudi, kwa hiyo ni sharti awe amepiga hesabu yake hadi mwisho kabla kidole hakijagusa kizibo.

Naomba mtazame ubao niliouchora hapa mbele. Vijiwe vyetu huchezea miraba 64, kila upande kete 12. Huu wa kimataifa una miraba 100, kumi kwa kumi, na kila upande una kete 20. Tunatumia miraba ya rangi nzito tu, ambayo ni 50, na kila mmoja una namba. Namba 1 hadi 5 ziko safu ya juu kabisa, upande wa weusi. 46 hadi 50 ziko safu ya chini, upande wa weupe. Weupe huanza, na hupanda kuelekea namba ndogo. Kete ikitoka 27 kwenda 22 tunaandika 27-22. Ikila, tunaweka alama ya kuzidisha: 18x27.

Utaratibu huu wa namba umetokana na Manoury, Mfaransa aliyekuwa na mkahawa jijini Paris, aliyechapisha kitabu chake cha mchezo huu mwaka 1770. Naomba mliweke moyoni jambo hilo. Maandishi ambayo mabingwa wa dunia wanayatumia hadi leo yalitoka kwa mtu aliyewauzia watu kahawa huku akiwatazama wakicheza. Yalitoka kijiweni.

Sasa tupange mtego. Weupe wana kete nne: 27, 28, 31 na 36. Weusi wana tano: 7, 9, 17, 18 na 20. Zamu ni ya weupe. Mpita njia akiwahesabu atasema weusi wanaongoza, na kwa hesabu ya vichwa hajakosea. Weupe wanacheza 27-22. Kete imejipeleka yenyewe katikati ya 17 na 18, kama kuku aliyeingia jikoni. Weusi hawana la kuchagua: 18x27. Hapo kete nyeupe ya 31 inainuka. Inaruka 27 na kutua 22, inaruka 17 na kutua 11, inaruka 7 na kutua 2, safu ya mwisho, na kuwa kingi. Weupe wametoa moja wamekula tatu. Weusi wamebaki na mbili, na mbele yao kuna kingi anayeweza kukimbia mlalo mzima kwa zamu moja.

Kila nikiuonyesha mtego huu, macho ya watu hufuata kete mbili, iliyojitoa na iliyokula. Mimi nataka mtazame zile mbili ambazo hazikugusika. Kete ya 28 ilikuwa inafanya kazi gani? Iondoeni. Sasa kete nyeusi ya 17 nayo inaweza kuila 22, maana pale 28 inapotakiwa kutua ni wazi. Weusi wamepata uchaguzi, na wakichagua kula kwa 17, weupe wamepoteza kete bure. Irudisheni 28, kisha muiondoe 36. Weusi wanakula kwa 18 kama awali, lakini hawaishii 27: wanaendelea kuiruka 31 na kutua 36. Wamekula mbili, na kete iliyokuwa itoe adhabu ndiyo iliyoliwa. Kwa hiyo 28 ilifunga mlango mmoja na 36 ikafunga wa pili. Mzee wangu wa vizibo alikuwa akikaa kimya muda mrefu kabla ya kulisha, na sisi watoto tulidhani anatafuta kete ya kutoa. Naamini sasa alikuwa anakagua milango.

Mkihama kutoka miraba 64 kwenda 100, mtakutana na sheria zinazoongeza uzito wa lazima hii. Kete ya kawaida inakula hata kinyumenyume. Kama kijiwe chako hakikuzoea hivyo, kete uliyodhani umeipita salama itakurukia mgongoni. Tena huruhusiwi kula kwa kupenda. Zikiwepo njia mbili za kula, sharti ufuate ile yenye kete nyingi zaidi, na kingi huhesabiwa kuwa kete moja kama wengine. Mtegaji hodari hufurahia sana kifungu hicho. Anakuandalia meza yenye sahani tatu kushoto ilhali wewe ulitaka moja ya kulia iliyokuwa na usalama wako, na sheria inakupeleka kushoto.

Kuna kifungu kingine ambacho wageni wa ubao mkubwa hukisahau: kete zilizoliwa hazitolewi moja moja, zinatolewa zote mlaji akishamaliza kuruka. Wakati anaendelea kula, maiti bado wako ubaoni, na haruhusiwi kuruka kete ileile mara mbili. Kutokana na hilo kuna mtego ambao Wafaransa wameuita pigo la Kituruki. Unampa kingi wa adui kete kadhaa azunguke akila, na katika mzunguko wake anafika mahali ambapo kete aliyokwisha kuila inamzuia kama ukuta. Analazimika kusimama hapo, na hapo ndipo ulipomtaka. Nimewaona watu wazima wakinyanyuka vitini kwa kulipinga pigo hili mara ya kwanza.

Hayo yote ni lazima ya kula. Mitego yake huonekana, ina kishindo, na kijiwe kizima hupiga kelele inapofyatuka. Ile ya kusogea haina kelele.

Futeni ubao. Wekeni weupe wawili, 35 na 37. Wekeni weusi wawili, 25 na 26. Kete nyeusi zote mbili ziko ukingoni, moja kulia na moja kushoto. Hakuna wa kuliwa na hakuna anayetishiwa. Mtu akipita na kuuliza nani anashinda, jibu sahihi ni swali: zamu ya nani?

Ikiwa ni zamu ya weusi, wamekwisha. Kete ya 25 haina pa kwenda ila 30, na weupe wanaila, 35x24. Iliyobaki, 26, haina pa kwenda ila 31, nayo inaliwa, 37x26. Miondoko miwili, ubao mtupu. Wakianza na ile nyingine matokeo ni yale yale. Lakini ikiwa ni zamu ya weupe, mambo yanageuka kabisa. Wakisogeza 35 kwenda 30, wanaliwa na 25. Wakisogeza 37 kwenda 31, wanaliwa na 26. Kilichobaki ni 37-32, yaani mlinzi kuacha lindo lake, na 26 inatoka mbio kuelekea ukingi ikiwa imetangulia. Kete hazikubadilika, miraba haikubadilika, hakuna aliyekosea. Kilichobadilika ni nani anadaiwa mwendo.

Wazee wangu, huu ndio moyo wa mchezo. Kijana wa kijiwe amezoea kuona zamu kuwa zawadi: "Zamu yangu, tulia uone!" Bingwa anaiona kuwa deni. Kwa hiyo tangu mapema, kete zikiwa bado nyingi, anaweka akiba: miondoko midogo ya nyuma isiyovunja kitu, atakayoilipa siku ubao utakapobana. Wekeni kete moja tu ya ziada kwa weusi katika mfano wangu, mahali popote inapoweza kusogea mara moja bila kuliwa, na deni linahamia kwa weupe. Anayemaliza akiba yake kwa kusukuma kete mbele ovyo katikati ya mchezo atakuja kujiua kwa mkono wake mwenyewe mwishoni, na atasema alikosa bahati.

Waafrika wana jina katika fani hii. Yapata 1910 alifika Paris mchezaji kutoka Senegali aitwaye Woldouby, akakutana na Isidore Weiss, Mfaransa aliyekuwa hodari kuliko wote wa zama zake. Hadi leo wachezaji wa Urusi, Uholanzi na Mali wanafundishwa nafasi yenye jina lake. Ndani yake kete za pande mbili zimekabana katikati ya ubao kama ng'ombe kwenye josho, na mwenye zamu ndiye aliye mashakani. Jina la Mwafrika limewekwa kwenye mtego wa lazima ya kusogea, na sioni mtego ulio bora zaidi wa kubeba jina la mtu.

Msenegali mwingine, Baba Sy, alifika kileleni kabisa. Mwaka 1963 alikuwa na haki ya kupigania ubingwa wa dunia na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovyeti. Pambano halikufanyika. Baba Sy alifariki mwaka 1978, na mwaka 1986 ndipo Shirikisho la Dunia la Drafti, lililoundwa mwaka 1947, lilipomtambua kuwa bingwa wa dunia wa 1963. Miaka minane kaburini. Nikilisimulia jambo hili darasani sauti yangu hubadilika, na sioni haya kusema hivyo.

Nimeulizwa kama kompyuta haijaumaliza mchezo huu. Ule wa Kiingereza wa miraba 64, ambao kingi wake hutembea hatua moja moja, umekwisha. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Mchezo huo una nafasi zinazokaribia 5 ikifuatiwa na sifuri 20. Huu wa miraba 100 haujatatuliwa. Uko wazi kwa mtu wa Kyerwa kama ulivyo wazi kwa mtu wa Moscow.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Nilipokuwa mtoto wilaya hii ilikuwa bado Karagwe. Kyerwa imezaliwa 2012. Katika miaka yote hiyo, kwenye baraza za maduka, kwenye foleni za kuuza kahawa, penye bodaboda zikisubiri abiria wa mpakani, imechezwa michezo isiyo na idadi. Ndani yake, sina shaka, kulikuwa na mitego ambayo Weiss angeivulia kofia. Iko wapi? Jioni vizibo vilimwagwa koponi. Mzee aliyenilisha kizibo kile amekwishafariki, na katika maisha yake yote ya kucheza nimebaki na mchezo mmoja tu, tena mwisho wake, tena kwa sababu niliulia. Woldouby ana nafasi yake kwa kuwa kulikuwa na mtu kando yake mwenye kalamu na namba za Manoury. Mzee wangu hakuwa na mtu huyo. Nilikuwapo mimi, nikilia.

Wazazi huniambia kijiwe kinaharibu watoto. Mimi nasema kama mwalimu wa hisabati: kijana anayeweza kuona kabla ya kugusa kwamba 28 na 36 zinafunga milango miwili amefanya uthibitisho. Amechunguza kila tawi akalifunga. Nikimfundisha jambo hilohilo ubaoni kwa herufi ananiambia hesabu ni ngumu. Anachokosa ni mazoea ya kuandika alichokiona ili kesho akibishie, au rafiki yake akibishie.

Basi nje, chini ya mwembe, kuna mbao sita za miraba 100 ambazo fundi wetu amezipiga rangi, na kila mraba una namba yake pembeni. Vizibo mnavyo. Kwenye kila meza nimeweka daftari moja na kalamu mbili, moja ya kila mchezaji, kila mwendo uandikwe kabla wa pili haujachezwa. Mtoto asiyecheza akae kando ya meza asome namba kwa sauti ili wazee wasioona vizuri wafuate. Jioni nitayakusanya madaftari yote, na mchezo wowote utakaokuwa na mtego nisioujua nitarudi nao hapa hapa nifundishwe.

Weupe waanze.