Hotuba juu ya Wajibu wa Wakili katika Ndoa na Mirathi za Waislamu wa Uganda

 



Neno wakili si geni katika nyumba za Kiislamu. Walii asiyeweza kuhudhuria ndoa humweka wakili amwozeshe binti yake, na bwana arusi aliye safarini humweka wakili apokee nikaha kwa niaba yake. Mtu huyo hutazamwa uaminifu wake kabla ya ufasaha wake. Wakili wa mahakamani naye, achukuapo shauri la ndoa, talaka, malezi au mirathi, amebeba amana ya namna ile ile. Yako mambo ambayo wakili wa Waislamu nchini Uganda hana budi kuyajua, na ambayo kila mwenye nyumba yafaa ayajue pia, asingoje msiba ndipo ajifunze. Kubwa katika hayo ni moja: haki isiyoandikwa ni nzito kuithibitisha siku ambayo mwenye kuijua yumo kaburini.

Sheria ya nchi inayohusu ndoa na talaka za Waislamu ni ya tangu 1906. Inazitambua ndoa zilizofungwa na talaka zilizotolewa kwa mujibu wa dini, na inataka ziandikishwe katika muda wa mwezi mmoja. Katiba ya 1995, katika kifungu cha 129, ilitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kwa namna itakayowekwa na Bunge. Lakini zaidi ya miaka 25 ilipita pasipo Bunge kutunga sheria ya kuzisimamisha. Katika muda huo watu walipeleka mashauri yao kwa masheikh na katika ofisi za Baraza Kuu la Waislamu, lililoundwa 1972, na wengine wakaenda mahakama za serikali. Hukumu ya sheikh ina heshima yake, lakini benki na ofisi ya ardhi huuliza hati. Basi wakili asimwambie mtu kuwa neno la sheikh limetosha, wala asimwambie kuwa halina maana. Amwonyeshe njia zote mbili, na mahali zinapokutana.

Na uwekwe mfano. Mfanyabiashara wa Jinja amekufa. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha wake wawili, wana wawili wa kiume na binti watatu. Mke wa kwanza ana cheti cha ndoa. Wa pili aliolewa msikitini mbele ya mashahidi wawili, na ndoa haikuandikishwa; shahidi mmoja amekwisha kufa, wa pili amehama na hajulikani alipo. Mali yote ni shilingi 80,000,000. Gharama za maziko na madeni ni 8,000,000, zabaki 72,000,000. Wake wana thumuni, yaani 9,000,000, kila mmoja 4,500,000. Zilizosalia, 63,000,000, ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kila mwana wa kiume apata 18,000,000, na kila binti 9,000,000.

Sasa jamaa wakisimama na kusema kuwa huyu wa pili hakuwa mke, na hapana cheti wala shahidi, hatari haiishii katika zile 4,500,000 zake. Ikiwa yeye ndiye mama wa mmoja wa wana na mmoja wa binti, watoto hao nao watatiliwa shaka, na kwa hesabu ya dini mafungu yao, jumla 27,000,000, yamo katika ugomvi. Na lililo zito kuliko fedha ni jina, kwa kuwa mayatima hao watakua wakiulizwa ni wana wa nani. Yote hayo yangaliepukwa kwa safari moja ya kwenda kuandikisha ndoa.

Kwa hiyo wakili aanze kwa kuuliza: ndoa ilifungwa wapi, na nani, mbele ya nani, na cheti ki wapi? Kama cheti hakipo, akusanye ushahidi mapema: imamu aliyefungisha, walii, daftari la msikiti, majirani. Talaka nayo iandikwe tarehe yake, kwani kwa tarehe hiyo huhesabiwa eda, na kwa eda hujulikana kama mke bado ni mrithi.

Jambo la pili ni mahari. Neno hili katika Kiswahili hubeba maana mbili, na mawakili wengi huzichanganya. Mahari ya kimila hupewa jamaa za mwanamke. Mahari ya dini ni mali ya mke mwenyewe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa desturi ya kudai mahari ya kimila irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Anayesimamia shauri la khului aieleze mahakama tofauti hiyo waziwazi. Tena mahari ya dini ambayo mume hakuilipa ni deni. Akifa, mjane hulipwa deni lake kwanza, ndipo apewe fungu lake la urithi.

Jambo la tatu ni mali ya mke. Katika dini, mali aliyoichuma mwanamke ni yake, haichanganywi na mirathi ya mumewe. Katika sheria ya nchi, ardhi ambayo familia yaishi na kupata riziki yake haiuzwi pasipo ridhaa ya mume au mke. Risiti za duka, hati ya kiwanja na daftari la chama cha akiba ni ngao, zihifadhiwe.

Jambo la nne ni suluhu. Dini imeamrisha wateuliwe waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kabla ya kutengana. Wakili mwema hushauri jambo hilo kabla ya kuandika hati ya mashtaka, isipokuwa pale penye kupigwa na hatari ya nafsi, ambapo kulinda uhai hutangulia. Na kuhusu watoto, mahakama hutazama kwanza maslahi yao. Baba aliyeacha mke hajaachana na wanawe, na chakula na karo zabaki juu yake.

Jambo la mwisho ni wasia. Sheria ya Urithi, ilivyorekebishwa 2022, humgawia mjane wa mtu asiyeacha wasia 20 kwa mia, na watoto 75 kwa mia, bila ya kutofautisha mwana na binti. Hesabu hiyo si ile ya dini, na hapo ndipo ndugu hugombana. Muislamu atakaye mirathi yake igawanywe kwa sharia, na aiandike angali na afya, ataje wake zake na watoto wake wote, madeni yake na amana za watu, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopewa kitu katika wasia huo. Akitaka kumpa asiye mrithi, asizidishe theluthi. Atakapofariki, jamaa wakaripoti kwa Kabidhi Wasii Mkuu na kwenda mahakamani kuomba usimamizi, na ikumbukwe kuwa msimamizi ni mtumishi wa warithi, si mwenye mali.

Mali ya yatima ni moto tumboni mwa anayeila kwa dhuluma. Wakili, sheikh na mwenye nyumba wakishirikiana kuandika haki mapema, watakuwa wamemkinga mjane na fedheha na yatima na njaa. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu insafu na mapatano. Amina.