Daftari la Chama na Kompyuta
Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama



Nimepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ambayo Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu wamekwisha sema juu ya pamba, bei na maghala. Mimi nitasema juu ya daftari, kwa maana wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza yanipasa kukiri kosa. Hapo awali hesabu zetu zote zilikuwa katika jedwali moja refu la kompyuta, na jina la mkulima liliandikwa upya kila alipoleta mzigo. Msimu mmoja akina mama wawili wa kijiji kimoja walikuwa na jina moja, na jina moja la baba. Nilijumlisha mizigo yao pamoja, fedha zote zikaenda kwa mmoja. Mwenziwe alikuja ofisini mara tatu, na mara tatu nikamjibu kwamba kompyuta haisemi uongo. Tulipofungua stakabadhi za mizani tuliona kwamba haki ilikuwa yake. Alilipwa, walakini alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wake ili alipe ada ya shule, na mbuzi wale hawakurudi.

Kosa lile halikuwa la mashine. Lilikuwa langu, na la namna tulivyopanga habari zetu. Mwaka 1970 Mwingereza Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitangaza mpango wa kuweka habari katika majedwali yanayohusiana. Maana yake kwetu ni nyepesi: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na kila mtu awe na alama asiyoshiriki na mwingine. Ndiyo sababu katika kanzidata yetu mpya liko jedwali la wanachama, la mizigo iliyopimwa, la mikopo ya mbegu na viuadudu, na la malipo. Yote huunganishwa na namba ya uanachama, wala si jina, kwa kuwa majina hufanana. Wala si namba ya simu, kwa kuwa simu hubadilishwa.

Kanzidata hii tuliishonesha, kama mtu ashoneshavyo nguo kwa fundi. Programu za dukani tulizozijaribu zilijua kununua na kuuza, lakini hazikujua kutenga pamba safi na fifi, wala kukata deni la viuadudu wakati wa malipo. Si kila chama kinahitaji kushonesha. Chama chenye wanachama wachache chaweza kutosheka na daftari la karatasi lililoandikwa vizuri.

Fundi wetu wa kwanza alitupima sisi maofisa peke yetu. Alituletea programu iliyomtaka karani ajaze nafasi nyingi kabla ya kupima mzigo wa pili. Foleni ikarefuka, na makarani wakarudia karatasi. Kisha fundi akahama, na neno la siri la kufungulia programu likahama naye. Fundi wa pili aliketi kando ya mizani siku za soko, akakusanya kila karatasi tuitumiayo, akauliza maswali ambayo hatukuyatazamia: Mzigo ukirudishwa, mnaandika nini? Mwanachama akifariki, nani hulipwa? Karani akiandika kilo 84 badala ya 48, mnasahihisha vipi?

Katika maswali hayo zilitoka kanuni zetu. Hakuna tarakimu inayofutwa. Kosa husahihishwa kwa mstari mpya, wenye jina la aliyeuandika na saa yake. Apimaye mzigo siye aidhinishaye malipo. Kazi ya mizani huendelea hata mtandao ukikatika, na habari hupelekwa ofisini ukirudi. Kila jioni hutolewa nakala, na moja huwekwa mbali na ofisi. Tena kila mwezi tunajaribu kuifungua, kwa maana nakala isiyofunguka si nakala. Msimu mzima wa kwanza tuliandika karatasi na kompyuta pamoja, tukilinganisha. Kadhalika mkataba unasema kwamba programu na maelezo yake yote ni mali ya Chama, na fundi mwingine aweza kuiendeleza.

Wako wanaouliza gharama. Vyombo vya kuendeshea kanzidata, kama SQLite iliyotolewa mwaka 2000, au PostgreSQL, havidai malipo ya leseni. Tunacholipia ni akili na muda wa fundi, na mafunzo ya makarani. Lakini nguo iliyoshonwa huhitaji viraka. Ndiyo maana Mkutano Mkuu utaombwa kutenga fedha za matunzo kila mwaka. Msipozitenga, baada ya misimu michache tutarudi pale pale alipotukuta yule mama.

Tena lipo jambo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa Tanzania mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Deni la mwanachama si hadithi ya barazani. Tuandike yale tu yanayohitajiwa na kazi, na ayaone yule tu mwenye kazi nayo.

Ndugu wanachama, kompyuta haiwezi kunyosha mizani iliyopinda, wala kumfanya karani mwaminifu. Kazi yake ni kuhifadhi tulichosema na kutuonyesha tulipojikanusha. Kwa hiyo msitupe stakabadhi zenu. Na siku mwanachama atakapokuja dirishani na stakabadhi isiyolingana na kompyuta, nawaahidi kwamba Katibu atainuka kitini na kuisoma stakabadhi ile kwanza, kabla ya kufungua kinywa.

Ushirika udumu!