Sikukuu Ikiangukia Jumapili

Msikilizaji wa Ngoliba, kabla ya kupanda matatu kwenda benki Thika, tazama kalenda. Sikukuu ya Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba. Mbona siku hiyo? Ndiyo siku serikali ya mkoloni ilipomkamata Jomo Kenyatta na wenzake, mwaka wa 1952. Zamani iliitwa Sikukuu ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ikaifanya ya mashujaa wote, na ni haki yao.

Sasa sikiliza. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu pia ni mapumziko kisheria. Ikiangukia Jumamosi, Jumatatu ni kazi. Narudia: Jumapili, ndiyo. Jumamosi, hapana. Idd-ul-Fitr hufuata mwezi mwandamo, basi subiri tangazo la serikali. Una shughuli ya ofisi? Iwahi kabla ya sikukuu.