ZEBAKI INAVYOSHIKA DHAHABU, NA INAVYOTUSHIKA SISI

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)

Tunashukuru mmekuja pande zote mbili, wa Nyatike wanaosaga mawe na wa Homa Bay wanaoanika omena. Wengine wameuliza kwa nini tumewakalisha chini ya mti mmoja watu wa dhahabu na watu wa samaki. Jibu ni mto. Maji ya mto Migori huingia mto Kuja, na Kuja humwaga ziwani. Ziwa nalo halijui mpaka wa kaunti.

Habari ya leo ni zebaki, ile mnayoiita mekyuri. Hatukuja kumfukuza mtu machimboni. Mgodi wa Macalder ulichimba shaba na dhahabu mpaka ukafungwa mwaka 1966, na watu wakaendelea kwa mikono yao hadi leo. Karo imelipwa na dhahabu hiyo, mabati yamenunuliwa, tunajua. Lakini tumeona kwamba kumwambia mtu “hatari, hatari” hakusaidii kitu. Atakuuliza: hatari kivipi, mbona mimi nimeishika kwa mkono miaka kumi na niko hapa? Hilo ni swali la haki. Jibu lake liko ndani ya kemia, kwa hivyo leo tutafanya darasa kidogo. Hata aliyeachia darasa la nne asiogope.

Kila kitu tunachokishika kimejengwa kwa atomi, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyingi hazipendi kukaa peke yake, hutafuta mwenzake. Zinashikana kwa zile elektroni zinazozunguka nje yake, na namna za kushikana ni tatu hivi. Ya kwanza ni kupeana. Katika chumvi, sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inaipokea, na tangu hapo wanafuatana kama mdeni na mdai. Ya pili ni kushirikiana. Atomi mbili zinamiliki elektroni pamoja, kama majirani wawili walionunua ng'ombe mmoja wa kulima. Hakuna anayeweza kuondoka naye. Ya tatu ni ya metali, yaani chuma, shaba, dhahabu na wenzao. Hapo kila atomi inaweka elektroni zake za nje katika sanduku moja la kikundi, na sanduku hilo ndilo linalowashika wote. Ndiyo sababu shaba unaweza kuivuta ikawa waya bila kukatika. Wanachama wanasogea, sanduku linabaki.

Sasa zebaki ni metali, lakini ni mwanachama bahili. Elektroni zake mbili za nje imezibana kwelikweli, sandukuni haiweki kitu cha maana. Kwa hivyo atomi zake zinashikana kwa ulegevu, na inabaki majimaji hata ukiiweka kwenye barafu. Ulegevu huo usiwadanganye kuhusu uzito: lita moja ya zebaki ina kilo 13 na nusu. Kijana anayebeba chupa ya soda iliyojaa anajua mkono unavyovutwa.

Katika orodha ya kemia dhahabu ni namba 79 na zebaki ni namba 80. Ni majirani wa boma kwa boma. Zebaki ikikutana na dhahabu kwenye karai inaishika, na dhahabu inakubali. Mchanga mweupe umejengwa kwa silikoni na oksijeni zilizoshikana kwa ile namna ya kushirikiana, hauna sanduku la pamoja, basi zebaki inateleza juu yake na kupita. Hiyo ndiyo siri yote ya kuokota dhahabu kwa zebaki. Mnakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho yapata nusu yake ni zebaki bado.

Halafu mnakichoma. Zebaki huchemka ikifika nyuzi 357 za joto. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Kifungo chao ni cha kulegea, moto wa jiko unatosha kukifungua: zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Ukipata gramu moja ya dhahabu hesabu kwamba kama gramu nzima ya zebaki imekwenda hewani. Imekwenda wapi? Wengi mnachomea jikoni, kwenye jiko lile lile la uji, mlango umefungwa ili jirani asione mna kiasi gani. Tunaelewa sababu ya kufunga mlango. Lakini mvuke huo hauna rangi wala harufu, na mtoto aliyelala kitandani anauvuta kama anavyovuta hewa.

Turudi kwa mzee wa miaka kumi. Zebaki majimaji ikigusa ngozi isiyo na kidonda, inayopenya ni kidogo sana. Hata ikimezwa kwa bahati mbaya, karibu yote hutoka chooni. Kwa hiyo mzee hasemi uongo. Ila mlango wa zebaki si mkono, mlango ni pua. Na hapo ndipo umbo linapoingia katika habari yetu.

Tazameni maji. Molekuli ya maji ni oksijeni moja katikati na haidrojeni mbili, lakini hazikukaa kwenye mstari ulionyooka. Zimepinda kama panda ya manati, pembe ya nyuzi 104 na nusu. Kwa kupinda huko, upande mmoja una chaji hasi kidogo na wa pili chaji chanya, na ndiyo maana maji hukamatana yenyewe kwa yenyewe na hukamata chumvi, lakini mafuta huyasukuma kando. Kuta za chembe hai za miili yetu zimetengenezwa kwa mafuta. Kitu chenye chaji, kinachopendwa na maji, hukwama hapo. Sasa atomi ya zebaki iliyo katika mvuke iko peke yake, haina chaji, haina upande wa kukamatwa. Inapita ukuta wa mapafu kama mgeni asiyeulizwa jina. Ukivuta sehemu kumi, kama nane zinabaki mwilini. Inafika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito inafika kwa mtoto. Ikiwa huko ndani mwili unaigeuza, inapoteeza elektroni zake mbili, inapata chaji, na sasa haiwezi kutoka kwa njia iliyoingilia.

Ikishapata chaji inatafuta wa kushika, na inayempenda kuliko wote ni salfa. Ile salfa mnayonyunyizia mimea. Mwili umejaa salfa. Ukichoma nywele, harufu ile mbaya ni yake, kwa sababu protini za mwili zinayo. Kifungo cha zebaki na salfa si kama kile cha dhahabu. Ni kigumu sana, na huwezi kumweka binadamu jikoni ukifungue. Protini iliyoshikwa inaacha kazi yake. Ndipo mnaona mikono inatetemeka, mtu anasahau, usingizi unapotea, hasira zisizo na sababu, figo zinaumia. Watu husema ni pombe, ama amerogwa. Tusikimbilie huko kabla ya kuuliza anachomea wapi dhahabu.

Watu wa Homa Bay, msidhani tumewasahau. Zebaki inayooshwa mpaka mtoni, na ile inayoshuka na mvua, hulala kwenye tope. Kuna bakteria wa tope wanaoiunganisha na kaboni. Kaboni hushika kwa mikono minne. Wazieni kigoda cha mzee cha miguu mitatu: kaboni ndiyo kiti, miguu mitatu ni haidrojeni, na juu ya kiti amekaa zebaki. Elektroni hapo ni za kushirikiana, na kigoda hakivunjiki ovyo. Kitu hiki huitwa methili zebaki, na ndiyo zebaki mbaya kuliko zote kwenye chakula.

Ubaya wake ni udanganyifu. Mkono mmoja wa zebaki umeshika kigoda, mkono wa pili, ulionyooka upande wa pili kabisa, unashika salfa ya kipande kimoja cha protini kinachoitwa sisteini. Mzigo huo mzima unafanana kwa umbo na methionini, chakula ambacho ubongo unakihitaji kila siku. Mlangoni pa ubongo kuna mabawabu wanaotambua chakula kwa umbo lake. Wanauona, wanadhani ni methionini, wanaufungulia na kuubeba mpaka ndani. Pale pa mtoto tumboni ni vile vile. Mwili huchukua kati ya siku 50 na 70 kutoa nusu tu ya methili zebaki iliyomo, na kama unaongeza kila siku, haiishi.

Dunia ilijifunza hayo huko Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki ghubani miaka mingi, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Walioumia vibaya ni watoto waliozaliwa na mama ambao wenyewe walionekana wana nafuu. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo. Kenya ilitia sahihi mwaka 2013, na mkataba ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Ndani yake kuchoma kidonge wazi, na kuchoma mahali watu wanapoishi, ni mambo ambayo nchi zenye wachimbaji wadogo zimekubali kuyakomesha.

Mama mmoja muuza samaki ametuambia, “Mtatuharibia soko.” Hapana. Samaki ni chakula kizuri na hatutaki mtu aache. Daktari Masazumi Harada, aliyetibu wagonjwa wa Minamata, alipima nywele za watu wa upande wetu wa ziwa pamoja na wenzake, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001 waliokuwa na zebaki ya kutisha walikuwa watu waliojipaka sabuni za kujichubua zilizotiwa zebaki. Kwa hiyo, akina dada, mkitaka kuanza mahali, anzeni na hiyo sabuni. Kwa samaki, jueni hivi: zebaki huongezeka kila samaki anapomla mwenzake. Omena ni mdogo na haishi sana, huwa na kidogo. Ngege pia. Mbuta mkubwa aliyekula wengi ndiye hukusanya. Mama mjamzito apewe omena na ngege, mbuta mkubwa wale wengine. Kukaanga wala kuchemsha hakuondoi kitu, maana methili zebaki imeshika protini ya nyama yenyewe.

Sasa kazi ya vikundi. Kwanza kabisa, kidonge kisichomwe tena nyumbani, na nje karibu na watoto pia hapafai, kwa sababu mvuke ukipoa unashuka hapo hapo. Kikundi kinunue ritoti moja ya pamoja. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linaloshuka. Mnalifunga bomba kwa kitambaa kilicholowa, na mdomo wake unakaa juu kidogo ya maji kwenye kopo bila kuzama. Ukizama, kikombe kikipoa kitavuta maji na kinaweza kupasuka. Zebaki inapoa ndani ya bomba, atomi zinashikana tena, mnaipata karibu yote, na hiyo ni pesa. Msifungue kabla chuma hakijapoa kabisa, hata kama mnunuzi anapiga honi.

Pili, msimwage zebaki kwenye kinu cha kusagia mawe yote. Osheni kwanza kwenye ubao uliotandikwa gunia, dhahabu ni nzito itakaa, ndipo mtumie tone kwa mchanga mzito uliobaki. Wachimbaji wa Benguet, huko Ufilipino, wamekwenda mbele zaidi: kwa miaka zaidi ya 30 wanayeyusha mchanga mzito huo kwa boraksi na hawagusi zebaki kabisa. Inahitaji kuosha kwa makini sana, lakini kijana mwenye mkono mzuri wa karai anaweza. Na mabaki yaliyokwisha pitia zebaki msiyauzie watu wa sianidi hivi hivi, maana sianidi hushika zebaki pia na kuifanya iyeyuke katika maji.

Swali la mwisho tulilopewa kwa karatasi: sufuria iliyowahi kuchomewa kidonge, ikisuguliwa kwa majivu, inaweza kupikiwa? Haiwezi. Itoboeni kitakoni asije mtu akaiokota, muizike mbali na kisima.